Siku Tuliyopiga Kura kwa Punje za Kahawa

Vijana wangu, mmenichosha. Tangu mtangaze kwamba Jumamosi wazazi wanachagua kamati mpya ya shule hapa kwetu ufukweni, kila apitaye mlangoni kwangu anaingia. "Shikamoo Mwalimu," na kabla marahaba haijanitoka mdomoni ananiuliza tumpe nani. Jana walikuja watatu kwa zamu, na kila mmoja aliniomba nisiwaambie wale wawili kwamba amekuja. Nimeona niwaandikie wote kwa mpigo, mnisome kwenye hilo kundi lenu la simu. Ila msinijibu kwa picha za vidole gumba. Mwenye neno aje na miguu yake.

Nimefundisha miaka thelathini na ushee, nusu huku ziwani na nusu kule milimani Umatengo, na mingi katika hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati ya shule, kwa hiyo nimekaa na wajumbe wa kila aina. Nimekaa na waliosinzia, nimekaa na waliokunjana mashati, na yuko mmoja aliyekuja kikaoni na kuku wake kwapani kwa sababu nyumbani hakumwamini mtu wa kumwachia. Mnaponiuliza nani wa kumuunga mkono, mnamuuliza mtu anayejua. Mnamuuliza pia mtu aliyewahi kuiba kura. Msishtuke, tutafika huko, na nimeshastaafu, hawana cha kunifanya.

Kwanza niwaambie aliyenifundisha. Mwalimu Haule alikuwa mwalimu mkuu wa shule yangu ya kwanza, hukuhuku ufukweni, mtu mfupi ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Mwaka wa uchaguzi alitangaza mkutano wa wazazi saa mbili asubuhi, na yeye mwenyewe akajifungia stoo na birika la chai. Aliniita nikae naye dirishani. "Binti, usitazame saa," akaniambia. "Watazame wanaotaka kuchaguliwa."

Tulikaa saa nzima. Mgombea wa kwanza alikuwa anazunguka na kulalamika kwamba walimu hawana heshima. Wa pili alipata kivuli akalala. Wa tatu, mvuvi mmoja mwembamba, aliingia darasani akaanza kutikisa madawati moja moja kuona lipi limelegea, kisha akatoka akainama chini ya bomba akaangalia maji yanakokwenda. "Huyo," akasema Mwalimu Haule, akamalizia chai yake ndipo tukatoka.

Mvuvi yule alipita. Alimtesa Mwalimu Haule miaka mitatu mfululizo. Kila Jumatatu yuko ofisini, hili vipi, lile limefikia wapi. Siku moja nilimkuta mwalimu mkuu wangu ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemtaka," akasema. "Sasa nikamlilie nani?" Lakini madawati yalikuwa yamesimama yote.

Kipimo hicho kwenu hakifai tena, maana siku hizi mkutano wa saa mbili wote mnafika saa nne, mgombea na asiye mgombea. Nami sisemi muige kila alichofanya. Kuna mgombea alimletea mbasa mnene amefungwa kwenye jani la mgomba, mkubwa wa kutosha familia mbili. Mwalimu Haule alimchoma, akaniita, tukamla mpaka tukabaki tunanyonya miiba. Siku ya kura mkono wake ukanyooka kwa mtu mwingine. Yule bwana akaja amevimba. "Mwalimu, na yule samaki?"

"Alikuwa mtamu sana, baba. Mungu akubariki."

Ninyi msile kabisa. Zamani hapakuwa na simu za kupiga picha.

Sasa, shida kubwa ya uchaguzi wa kijijini ni undugu. Mtu anajua fika kwamba baba mkwe wake hafai hata kuchunga mbuzi, lakini akinyoosha mkono dhidi yake, jioni mke amefunga mizigo. Tulijaribu kuwaambia wafumbe macho. Watu wazima mia wamekaa kwenye nyasi, macho yamefumbwa, na kila mmoja ameacha upenyo wa kuchungulia. Tulijaribu karatasi. Wazee wasiojua kuandika wakaja kwa walimu tuwaandikie, kisha wakaenda kusema kwamba tumeandika tunalotaka sisi. Nilikuwa bado naliwaza jambo hilo nilipopata barua ya uhamisho, niende milimani nikiwa mwalimu mkuu.

Nikapanda gari hadi Kitai, nikabadilisha, nikaenda Mbinga, nikapanda tena milima ya upande wa Maguu mpaka shule yenyewe. Mtu wa ziwani baridi huisikia kwenye redio. Nilifika na sweta moja jepesi, nikapokelewa na ukungu. Nyumba ya mwalimu mkuu ilivuja mahali sita, nami nilikuwa na masufuria matano.

Wazazi wa pale walikuwa wachapakazi haswa. Mwaka wangu wa tatu walifyatua tofali na kuzichoma, tanuru zima, zikapangwa kando ya shule na kufunikwa kwa nyasi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Tofali zile zilitosha kujenga kitu kimoja. Ama nyumba mpya ya mwalimu mkuu, yaani mimi, ama vyumba viwili vya shule shikizi huko Ng'ambo.

Ng'ambo ni kitongoji kilichokuwa upande wa pili wa mto. Kiangazi watoto walivuka wakiruka mawe. Mvua zikikolea, magogo ya kuvukia yalichukuliwa na maji, na wadogo wa darasa la kwanza na la pili walikwama huko wiki nzima, mara nyingine mbili. Wazazi wa kule walitaka vyumba viwili vya karibu, wadogo wasomee hapo mpaka wapate miguu ya kuvuka. Hiyo ndiyo shule shikizi, kwa wasiojua.

Kamati ilikuwa imebakiza nafasi moja. Wajumbe wanane waliokwisha kupatikana walikuwa wamegawanyika sawasawa, wanne nyumba, wanne Ng'ambo. Ambaye angeshika nafasi hiyo ya tisa ndiye angeamua tofali ziende wapi, na waliogombea walikuwa wawili.

Wa kwanza ni Mzee Boniface, mwenye kahawa nyingi na maneno matamu. Alikuwa ameshakaa kwenye kamati iliyopita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunipinga kwa neno moja. Nikisema jiwe ni mkate, anauliza kama chai iko tayari. Alipenda kusimama mbele ya watu akasema, "Mama yetu huyu hawezi kulala kwenye maji." Alinivika kilemba cha ukoka, nami nikakinyoosha vizuri kichwani nikatembea nacho.

Wa pili ni Mama Skola wa Ng'ambo, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mvua hata kiangazi. Mwanawe Skolastika alikuwa darasa la kwanza. Mama huyu alikuwa na kipaji kimoja: kuuliza. Nikimaliza kusoma taarifa, watu wote wanataka kwenda nyumbani, mkono wake uko juu. Mara dirisha, mara choo, mara kwa nini mwalimu wa la pili haonekani Ijumaa. Nilikuwa nikimwona kwa mbali anakuja, nakumbuka ghafla kwamba nina shughuli nyuma ya shule.

Sasa niambieni, ninyi mngemtaka nani? Msijifanye watakatifu. Kampeni sikufanya, mwalimu haruhusiwi. Nilichofanya ni kumsifu Mzee Boniface mahali penye watu wengi.

Nikaona pia kwamba wakati umefika wa kuijaribu akili yangu mpya kuhusu kura. Wagombea wakae darasani wakitazama ubao. Nyuma ya kila mmoja kuwe na dawati lenye bakuli. Wazazi waingie mmoja mmoja, kila mmoja amepewa punje moja mlangoni, aitumbukize anakotaka, atoke kwa mlango wa pili. Baba mkwe haoni, mke hafungi mizigo. Chini ya mabakuli nilitandika vitambaa, kwa maana bakuli la bati hupiga kelele, na mgombea mwenye masikio angehesabu kura zake akiwa amekaa. Nilijisifu sana kwa hivyo vitambaa.

Punje ya nini? Nilitazama huku na huku, nikaona kahawa. Ipo, ni safi, haiozi. Nilikaa jioni nikichagua punje kavu zinazolingana. Walimu wenzangu, Wamatengo watupu, walinitazama tu. Mmoja alitaka kusema kitu, akameza.

Mkutano ulikuwa mwezi wa saba. Wazazi walikuwa mia na ushee. Afisa Elimu Kata alikuja kusimamia, kijana mtaratibu kutoka mkoa wa mbali, viatu vyake bado vinang'aa. Watu wakaingia na kutoka, kila kitu kimya, kila kitu kwa adabu. Zamu yangu ilipofika niliingia kama mzazi, maana mwanangu wa mwisho alikuwa anasoma pale. Na hapa ndipo ninapoungama. Kwenye pindo la kitenge nilikuwa nimefunga punje nne za ziada. Nilimtazama Mzee Boniface kisogoni, nikafungua pindo, nikamwaga zote tano. Kitambaa kikazipokea bila kelele. Nikatoka nikijiambia kwamba nne ni kidogo, nne haziharibu nchi.

Tukahesabu mbele ya wote. Bakuli la Mzee Boniface lilipofika mia mbili, Afisa Elimu Kata aliacha kuandika. La Mama Skola nalo likapita mia mbili. Watu mia na ushee, kura zaidi ya mia nne! Na si kavu zangu tu. Zilikuwemo mbichi, zilikuwemo nyekundu zilizochumwa asubuhi hiyo bado zinanata, yalikuwemo maharage, na kulikuwa na kifungo cha shati.

"Na hiki kifungo ni kura ya nani?" akauliza yule kijana. Wote wakatazama mashati ya jirani zao.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwezi wa saba kule, kila mtu ametoka shambani kuchuma. Kahawa iko mifukoni, iko kwenye mikunjo ya suruali, iko kwenye vitenge. Mimi nilijiona mwizi hodari na nne zangu, kumbe wenzangu waliingiza kwa viganja, pande zote mbili. Mzee mmoja aliyekaa mbele alinitazama kwa huruma kabisa. "Mwalimu," akasema, "kwenu ziwani mngepiga kura kwa usipa, wale dagaa wenu?"

Kijiji kizima kilicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Skola, mpaka akajishika mbavu. "Jamani, nimechaguliwa na watu ambao hata mama zao bado hawajawazaa!" Mimi pia nilicheka, ila kicheko changu kilikuwa na jasho.

Afisa Elimu Kata akafuta yote. Akaamuru wagombea wasimame nje uwanjani, na anayemtaka mtu apange mstari nyuma yake, mchana kweupe. Kabla ya hapo akampa kila mmoja nafasi ya kusema maneno machache.

Mzee Boniface alisema vizuri kama kawaida yake. Alinisifu mimi, akawasifu walimu, akausifu hata mlima. Akamaliza, "Mimi na mwalimu mkuu hatujawahi kutofautiana hata siku moja." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, lakini neno lile lilinikwama mahali. Hata siku moja? Kwa makosa yote niliyokuwa nayaona mimi mwenyewe?

Mama Skola akasimama. Hakujisifu wala hakuahidi. Alinigeukia mimi. "Mwalimu mkuu, naomba daftari la mahudhurio la darasa la kwanza. Utusomee mwezi wa tatu, watoto wa Ng'ambo tu."

Nilimtazama Afisa Elimu Kata aniokoe. Akasema, "Lilete, Mwalimu."

Nikalileta, nikasoma. Jina la kwanza: Jumatatu mtoro, Jumanne mtoro, Jumatano mtoro. Jina la pili hivyohivyo. Walikuwa kumi na mmoja. Nilipofika la sita nikaanza kusoma harakaharaka, kwa sababu mwandiko ulikuwa wa mwalimu wa darasa, lakini sahihi ya kila Ijumaa chini ya ukurasa ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesaini bila kusoma.

"Mwalimu, mimi sikusoma mbali," akasema Mama Skola. "Mtoro si ni mtoto aliyeikataa shule?"

"Ndiyo."

"Basi hapo mmekosea kuandika. Wangu alikuwa anavaa sare kila asubuhi anaenda kukaa juu ya jiwe pale mtoni, anangoja maji yapungue. Saa nne namfuata, namrudisha nyumbani. Kesho tena. Sikumlazimisha, alikuwa anakwenda mwenyewe." Akakaa chini. Kura hakuomba.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimeadhibu watoto wengi maishani kwa utoro, vijana wangu, na baadhi yenu mnaosoma hapa mnaikumbuka fimbo yangu. Sikuwahi kumwaza mtoto aliyekaa juu ya jiwe.

Mistari ikaanza kupangwa. Mzee Boniface alikuwa ameniachia nafasi nyuma yake kabisa, nafasi ya heshima, akanipungia mkono. Nilipita mbele yake huku natazama chini, kana kwamba nimeangusha sindano, nikaenda kusimama mwisho wa mstari wa Mama Skola, nyuma ya mzee aliyenuka moshi wa tumbaku. Mzee akageuka akaniona. "Mwalimu, umepotea?"

"Ndiyo, baba. Nilipotea, sasa nimefika."

Mama Skola alishinda kwa watu saba, kwa hiyo msinisifu, angeshinda hata bila mimi. Walioshangaza ni wakwe watatu wa Mzee Boniface, waliosimama kwenye mstari wa Ng'ambo peupe kabisa mbele ya macho yake. Baada ya kusikiliza daftari lile, mizigo ya wake zao haikuwatisha tena.

Kesho yake Mzee Boniface alinijia, amenuna kama mtoto. "Mwalimu, mimi nilikuwa nakuhangaikia wewe."

"Najua, baba," nikamwambia. "Lakini kile kiti cha kamati ni cha watoto."

Alikaa wiki mbili bila kunisalimia, kisha akasahau, akaanza kunisifu upya.

Kubeba tofali kuvuka mto tulibeba sote, kwa kichwa, mawe yakiwa bado makavu. Mama Skola alisimama katikati ya maji na buti zake. Nilipopita na tofali zangu mbili akaniambia kwamba wanawake wa Ng'ambo wanabeba tatu. Nikaongeza moja. Shingo ile inaniuma mpaka leo nikilalia upande wa kushoto.

Basi, turudi kwenu. Mnalo kundi la wazazi kwenye simu, nami nasoma humo kimyakimya. Yuko anayejibu "Amina" na "Hongera sana" kwa kila tangazo, hata lile la kipindupindu. Yuko anayetuma mistari ya Biblia akitaka kura. Na yuko mmoja, jina silitaji, aliyeuliza mara nne kwa nini maji ya shule yanatoka na matope, mkamwambia aache kuchafua kundi. Huyo mmoja mna mpango wa kumtoa, nimesikia. Mimi nyumba yangu nilikuwa naitaka kweli, na bado nilikuwa nimekosea kumkimbia aliyeuliza.

Mvua za mwaka ule kule milimani zilianza kwa hasira. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, nikachukua mwavuli nikashuka mtoni, mgongo unauma kwa kukesha nikihamisha masufuria. Magogo yalikuwa yameshaondoka. Maji mekundu yanavuma kutoka ukingo hadi ukingo, hapavukiki, wala mtu mzima hathubutu. Nikalitazama lile jiwe upande wa pili. Halikuwa na mtu.

Juu yake kidogo, kwenye vyumba viwili visivyo na plasta, watoto walikuwa wanasoma irabu kwa sauti, wote kwa pamoja, a, e, i, o, u, na kuanza tena. Nilisimama pale nikalia, wala sioni haya kuwaambia.

Mama Skola akanichungulia mlangoni, akatoka mpaka ukingoni, akaweka viganja mdomoni. Nikajua anataka kunishukuru. Nikainua mkono kumwambia asijali.

"Mwalimu mkuuu! Ubao uko wapi? Watoto wanaandikia mkaa ukutani!"

Nikarudi ofisini kwangu, nikachukua nyundo, nikaanza kung'oa misumari ya ubao wangu wa matangazo. Saa nane maji yalipopungua, ubao huo ulivuka juu ya kichwa changu.